Nyufa za Panthéon ya Paris zilitokana na nini, na madirisha yake yalizibwa kwa nini?

kitabu_wazi

Habari zenu wadau. Nina maswali kuhusu Panthéon ya Paris, lile jengo la kuba lililo juu ya kilima cha Sainte-Geneviève, lililoanza likiwa kanisa na leo ni mahali pa kuzikia watu mashuhuri wa Ufaransa. Maelezo mengi mtandaoni yanarudia mambo yaleyale: Mfalme Louis XV aliugua sana akiwa Metz mwaka 1744, akaweka nadhiri kwamba akipona atamjengea Mtakatifu Genoveva, mlinzi wa mji wa Paris, kanisa jipya, mbunifu Soufflot akajenga, kisha Mapinduzi yakaligeuza. Yanaishia hapo. Mimi nataka kujua haya:

Nyufa za mihimili ya kuba zilitokana na nini hasa? Wapo wanaosema mihimili ilikuwa myembamba mno, wengine wanalaumu msingi, wengine wanataja chuma.

Kuta za nje zina uso mtupu, hakuna hata dirisha. Soufflot ndivyo alivyochora?

Jengo lilibadilishwa mara ngapi, kutoka kanisa kwenda kaburi la kitaifa na kurudi? Kila mahali nakuta idadi tofauti.

Na yale mawe yaliyoanza kudondoka ndani miaka ya 1980, yana uhusiano na nyufa za zamani au ni tatizo jingine kabisa?

mwashi_wa_chokaa

Ndugu kitabu_wazi, nianze na nyufa, maana ndizo zinazopotoshwa kuliko yote.

Elewa kwanza mzigo unavyoshuka. Kuba ya Panthéon si moja. Ni tatu, zimefunikana kama mabakuli, na zote ni za mawe. Ya ndani ina tundu la duara katikati. Ukisimama chini yake unaona kupitia tundu hilo kuba ya pili, ambayo Antoine Gros aliichora picha ya kutukuzwa kwa Genoveva, kazi aliyoimaliza 1824. Hiyo ya pili ndiyo inayobeba kijinara cha juu. Ya tatu ndiyo inayoonekana kutoka mjini, nayo imevikwa mabati ya risasi. Linganisha na kanisa kuu la St Paul's la London: pale ganda la nje ni mbao zilizovikwa risasi, na kinachobeba kijinara ni koni ya matofali iliyojificha katikati. Kanisa la kuba la Les Invalides, palepale Paris, nalo ganda lake la nje ni mbao. Soufflot alitaka jiwe mwanzo mwisho, mpaka kimo cha mita 83. Chini ya kuba kuna shingo iliyozungukwa na nguzo 32, chini ya shingo kuna matao manne, na chini ya matao kuna mihimili minne. Basi. Yote hayo yanaishia kwenye mihimili minne.

Kila mhimili, kwa mchoro wa Soufflot, ulikuwa wa pembetatu, na nguzo tatu za duara zikiwa zimeshikamana nao kwenye pembe. Ulikuwa mwembamba kwa makusudi. Brébion, aliyefanya kazi naye, aliandika mwaka 1780 kwamba shabaha ya Soufflot ilikuwa kuunganisha wepesi wa makanisa ya Kigothi na adhama ya usanifu wa Wagiriki. Ndiyo maana ukiingia unaona safu za nguzo na nafasi kati yake, badala ya kuta nene.

Mwaka 1770 mbunifu Pierre Patte akachapisha andiko la kupinga. Alitumia kanuni za vipimo za Carlo Fontana, mbunifu wa Italia, zilizotokana na makuba yaliyokwisha kujengwa, akasema mihimili ile haitahimili msukumo wa kuba. Mwaka uliofuata mhandisi Émiland Gauthey akamjibu kwa hesabu, na akatengeneza mashine ya wenzo ya kuvunjia vipande vya mawe ili ijulikane kila aina ya jiwe inasagika kwa mzigo gani. Hapa ndipo ninapoliona jengo hili kuwa na uzito wa pekee katika historia ya ujenzi: mjadala ulitoka kwenye “vipimo vya wazee wetu” ukaingia kwenye “jiwe hili hubeba kiasi gani”.

Sasa nyufa zenyewe. Zilianza kuonekana Soufflot akiwa hai, jengo likiwa bado linapanda, kwa hiyo wapinzani wake wakajiona wameshinda. Lakini angalia aina ya ufa. Msukumo wa kuba ukizidi nguvu ya mihimili, utaona mihimili imeacha timazi na kuegemea nje, na matao yamefunguka kileleni upande wa chini. Kilichoonekana hapa kilikuwa kingine: mawe ya mihimili yalibanduka magamba kwenye maungio na kupasuka wima. Hiyo ni dalili ya kusagika.

Rondelet, aliyelimaliza jengo na baadaye akaandika ripoti juu ya kuba mwaka 1797, alieleza chanzo. Waashi walitaka maungio yaonekane membamba kama uzi kwa nje. Kwa hiyo uso wa kulalia wa kila jiwe ulichongwa vizuri ukingoni tu, upana wa vidole vichache. Sehemu ya ndani ikaachwa imebonyea na kukwaruza. Jiwe likakalishwa juu ya kabari za mbao, kisha uwazi wa ndani ukajazwa mota ya chokaa. Mota ya chokaa ikikauka husinyaa. Ikishasinyaa, katikati hapabebi kitu, na mzigo wote unahamia kwenye ule ukingo na kwenye kabari.

Piga hesabu uone. Chukua jiwe la mraba, mita 1 kwa mita 1. Likikaa sawasawa, linabeba kwa mita 1 ya mraba. Likigusa kwenye ukanda wa sentimita 10 kuzunguka kingo zote nne, eneo linalobeba ni 1 kutoa 0.64 (yaani 0.8 mara 0.8), sawa na 0.36. Mkandamizo umepanda karibu mara 3. Likigusa ukingo wa mbele peke yake, sentimita 10, eneo ni 0.1, na mkandamizo umepanda mara 10. Tena ukingoni ndipo jiwe lilipo dhaifu, kwa kuwa upande wa nje hakuna jiwe jingine la kulibana. Linachomoka gamba. Gamba likitoka, eneo la kubebea linapungua tena, na gamba la pili linafuata.

Kwa hiyo jibu langu: mihimili ilikuwa myembamba, kweli, na wembamba huo haukuacha nafasi ya kosa. Lakini kosa lenyewe lilikuwa kwenye uchongaji na ulazaji wa mawe. Msingi hauna lawama.

ramani_ya_kale

Niongezee kuhusu msingi, kwa sababu nao ulikuwa na kisa chake. Kilima kile kilikuwa na wafinyanzi enzi za Warumi, mji ukiitwa Lutetia. Walichimba visima virefu kufuata udongo wa mfinyanzi, wakavifukia ovyo. Uchimbaji wa msingi ulipoanza mwishoni mwa miaka ya 1750 mafundi wakavikuta kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kikabidi kisafishwe na kujazwa ujenzi wa mawe mpaka juu. Ndiyo maana Mfalme alikuja kuweka jiwe la kwanza tarehe 6 Septemba 1764, miaka kadhaa baada ya kazi kuanza: kripti, yaani vyumba vya chini ya sakafu, ndiyo kwanza ilikuwa imekwisha. Siku hiyo uso wa kanisa ulisimamishwa kwa mbao na turubai lililochorwa na Demachy kwa ukubwa kamili, ili Mfalme aone baraza ya nguzo ya mbele itakavyokuwa.

Kripti hiyo imeenea chini ya jengo zima, na ndiyo yenye makaburi leo.

kitabu_wazi

Asanteni sana. Mwashi, nimeelewa suala la ukingo wa jiwe. Ila baada ya nyufa walifanya nini? Kuba haikubomolewa, mihimili ilitibiwaje ikiwa bado imebeba mzigo?

mwashi_wa_chokaa

Soufflot alifariki Agosti 1780 kuba ikiwa haijakamilika. Brébion na Rondelet wakaendelea, na kufikia 1790 jengo lilikuwa limesimama lote. Mihimili ilikuja kutibiwa vya kutosha baada ya amri ya Napoléon ya 1806, Rondelet akiwa msimamizi.

Kanuni ya kazi ya namna hiyo haijabadilika mpaka leo. Kwanza unategemeza matao kwa viunzi vya mbao nzito ili sehemu ya mzigo isipite kwenye mhimili unaoushika. Pili unatoa mawe yaliyosagika kwa zamu, kipande kwa kipande, hufungui pande mbili kwa pamoja. Tatu jiwe jipya linachongwa uso wote wa kulalia uwe bapa, siyo ukingo peke yake, na mota inakuwa nyembamba na iliyojaa. Nne unaongeza eneo. Rondelet aliinenepesha mihimili, na zile nguzo za duara zilizokuwa zimeshikamana nayo zikamezwa ndani ya ujenzi mpya. Ndiyo sababu ukisimama leo chini ya kuba unakutana na mihimili mikubwa yenye nyuso bapa, na wepesi uliotakiwa na Soufflot umepungua palepale ulipotakiwa zaidi. Binafsi naona ni hasara, lakini bila hasara hiyo tusingekuwa na kuba ya kuizungumzia.

Hatari ya kazi hii ni kuondoa viunzi haraka. Mota ya chokaa hukomaa polepole, huvuta hewa kutoka nje kwenda ndani, na ndani ya ukuta mnene inaweza kuchukua muda mrefu mno. Ukiushusha mzigo juu ya mota mbichi, itasinyaa na kubonyea, na umerudi ulikotoka: kingo zinabeba, katikati pamelala.

nuru_ya_juu

Nijibu la madirisha. Hapana, Soufflot hakuchora kuta tupu. Kanisa lake lilikuwa na madirisha makubwa kuzunguka kuta za chini, na watu wa wakati ule walilisifu kwa mwanga. Alitaka mwanga upite katikati ya nguzo kama katika kanisa la Kigothi.

Aliyeyaziba ni Quatremère de Quincy, mwanazuoni wa sanaa. Baada ya Bunge kuamua tarehe 4 Aprili 1791 kwamba jengo liwe mahali pa kuwahifadhi watu wakuu wa taifa, yeye alipewa kazi ya kuligeuza. Hoja yake ilikuwa kwamba kaburi halifai kuwa na mwanga wa pembeni wenye uchangamfu. Alitaka mwanga utoke juu, mtulivu, na mgeni asione pilikapilika za mji. Aliondoa pia minara miwili ya kengele iliyokuwa upande wa nyuma, na akabadili sanamu zenye maana ya kidini. Kwenye pembetatu ya juu ya baraza, ambako Coustou alikuwa amechonga msalaba wenye miale, Moitte akachonga Taifa likivika mataji.

Mwanga unaouona ndani sasa unatoka kwenye madirisha ya nusu duara yaliyo juu kabisa, karibu na dari. Kwa nje huyaoni, maana ukuta wa nje umepandishwa kupita paa la pembeni na kuyaficha. Nyuma ya ukuta huohuo Soufflot aliyaficha pia matao ya kuegemea, yaleyale ambayo kanisa la Kigothi huyaonyesha waziwazi. Kwa hiyo jengo linaonekana hekalu la Kigiriki kwa nje, na mwili wake unafanya kazi kama kanisa la karne ya 13. Wanaoliita nakala ya Kirumi hawajapanda juu.

Jambo moja la kuangalia kwa karibu: ukizunguka nje, mwanga wa jua ukiwa wa ubavuni, mistari ya madirisha yaliyozibwa bado inasomeka ukutani. Mawe ya kuzibia hayapangani sawasawa na mistari ya ukuta wa Soufflot, na fremu zinajitokeza kama kovu.

Kwa ndani kuta hizo tupu ndizo zilizokuja kupata michoro mikubwa kuanzia 1874. Puvis de Chavannes alichora maisha ya Genoveva; michoro yake imo kwenye turubai lililogandishwa ukutani, si rangi iliyopakwa juu ya lipu mbichi kama wengi wanavyodhani. Bila ule uamuzi wa 1791 pasingekuwa na ukuta wa kuichora.

tarehe_kamili

Kuhusu mara ngapi lilibadilishwa: idadi zinatofautiana kwa sababu wengine wanahesabu amri na wengine wanahesabu matumizi yenyewe. Fuata hivi.

Tarehe 4 Aprili 1791 linakuwa Panthéon, kabla halijatumika ipasavyo kama kanisa. Mirabeau, mwanasiasa wa Mapinduzi aliyekufa siku 2 kabla, analetwa siku hiyohiyo. Voltaire anafuata 11 Julai 1791. Mirabeau anatolewa Septemba 1794 baada ya barua zake za siri na Mfalme kugunduliwa. Marat, mwanamapinduzi mwingine, anaingia, naye anatolewa Februari 1795. Rousseau aliingia Oktoba 1794 na hakutolewa.

Mwaka 1806 Napoléon anaamuru sehemu ya juu irudi kwa Kanisa, na kripti iendelee kupokea wakuu wa dola. Hapa ndipo hesabu zinapochanganyika: amri ni ya 1806, lakini matengenezo ya mihimili yalikuwa yakiendelea, na ibada zilianza rasmi Januari 1822, chini ya utawala wa kifalme uliorejea. Kwa hiyo ukiona “kanisa 1806” na “kanisa 1822”, ni tukio moja lililokatwa vipande viwili.

Agosti 1830, baada ya mapinduzi ya Julai, Louis-Philippe analirudisha kuwa Panthéon. David d'Angers anachonga pembetatu ya mbele tunayoiona leo, iliyomalizika 1837: Taifa katikati likigawa mataji, raia upande mmoja, wanajeshi pamoja na Bonaparte upande mwingine. Chini yake maandishi “Aux grands hommes la patrie reconnaissante”, yaani “Kwa watu wakuu, taifa lenye shukrani”.

Desemba 1851 Louis-Napoléon analirudisha kwa Kanisa. Mwaka 1871 Komuni ya Paris, serikali ya waasi wa mji, inapandisha bendera nyekundu na kukata mikono ya msalaba wa juu. Kipindi hicho ni kifupi na wengi hawakihesabu.

Mei 1885 Victor Hugo anafariki, serikali inalitwaa jengo ili azikwe humo, na mazishi yanafanyika 1 Juni. Tangu hapo halijarudi kuwa kanisa.

Ukihesabu maamuzi ya serikali peke yake, bila Komuni, jengo lilianza likiwa kanisa na likageuzwa mara 5: 1791, 1806, 1830, 1851, 1885. Na msalaba wa juu ya kuba bado upo. Jengo la serikali isiyo na dini, lenye msalaba kileleni: watu hulidhania kosa, kumbe ni alama ya namna mambo yalivyopokezana.

ramani_ya_kale

Mkuu tarehe_kamili, ongeza hapo jaribio la mwanafizikia Foucault la kuonyesha kwamba dunia inajizungusha, maana linaelezwa kila mara kana kwamba lilifanyika kanisani. Lilikuwa Machi 1851, jengo likiwa Panthéon. Waya wa mita 67 ulifungwa chini ya kuba, ukaning'iniza tufe la kilo 28. Kwa urefu huo, kwenda na kurudi huchukua kama sekunde 16, na kwa latitudo ya Paris mstari wa kubembea hugeuka zaidi kidogo ya digrii 11 kwa saa, duara kamili karibu saa 32. Waya mrefu ulihitajika kwa sababu mbembeo wa polepole haupotezi nguvu haraka kwa hewa, na kila mbembeo unaonyesha hatua ya kugeuka inayoonekana kwa macho. Desemba ya mwaka uleule jengo likarudi kwa Kanisa.

Na Genoveva mwenyewe? Kanisa la zamani la abasia (nyumba ya watawa), lililomhifadhi tangu enzi za Mfalme Clovis na Malkia Clotilde, lilikuwa pembeni tu. Liliendelea kusimama wakati jipya likijengwa, kisha likabomolewa mwaka 1807 kupisha Rue Clovis. Mnara wake umebaki, uko ndani ya uwanja wa Lycée Henri-IV. Mabaki ya mtakatifu hayakuwahi kutulia katika kanisa jipya alilojengewa: mwaka 1793 kasha lake liliyeyushwa na mifupa ikachomwa hadharani. Waumini leo wanakwenda Saint-Étienne-du-Mont, kanisa lililo nyuma ya Panthéon upande wa kaskazini-mashariki, ambako kipande cha jiwe la kaburi lake kimehifadhiwa. Kwangu hili ndilo jambo zito kuliko yote katika historia ya jengo hili, kwamba mtakatifu aliyewekewa nadhiri hayumo.

kitabu_wazi

Hilo la Genoveva sikulijua kabisa. Limebaki swali la mawe ya miaka ya 1980.

kutu_na_jiwe

Hilo ni tatizo jingine, ndugu, ingawa mzizi wake ni palepale: Soufflot alitaka umbo ambalo jiwe la Paris haliwezi kulibeba peke yake.

Hekalu la Kigiriki linaweka boriti moja ya jiwe kutoka nguzo hadi nguzo. Jiwe la chokaa la Paris huwezi kulitegemea kwa urefu huo. Likilazwa kama boriti, upande wa chini unavutwa, na jiwe linapasuka linapovutwa hata kama linahimili sana linapokandamizwa. Kwa hiyo boriti za baraza zimeundwa kwa mawe madogo yaliyochongwa kama kabari na kupangwa mstari mlalo. Yaani ni tao bapa. Tao bapa lina msukumo mkubwa wa pembeni, na nguzo ya kona haina jirani wa kuusukuma kwa upande wa pili. Dawa yake ikawa nondo za chuma zilizopitishwa ndani ya mawe, vibanio vya kuunganisha jiwe na jiwe, na vyuma vya wima vilivyoshuka katikati ya nguzo. Perrault alikuwa amefanya hivyo kwenye safu ya nguzo za Louvre karne moja kabla, lakini hapa chuma ni kingi zaidi, na kimo pia ndani ya jengo. Rondelet alichapisha michoro yake, na ukiitazama unaona kitu kinachokaribia zege la nondo, miongo mingi kabla ya zege la nondo kuwepo.

Tofauti ni kwamba zege hukilinda chuma kwa muda mrefu. Mota ya chokaa hukilinda mwanzoni tu. Ikishakomaa na kupitisha maji, chuma kinaanza kula kutu, na kutu hujaza nafasi mara kadhaa ya chuma kilichoizaa. Haina pa kwenda, inasukuma jiwe. Dalili huja kwa mpangilio: kwanza doa la rangi ya hudhurungi kwenye kiungo, kisha ufa mwembamba unaofuata mstari wa chuma, kisha gamba la jiwe linaachana. Kwenye ukuta gamba linaning'inia muda. Kwenye dari halina cha kulishika, linadondoka. Ndiyo maana sehemu kubwa ya ndani ilifungwa na nyavu zikatandikwa chini ya dari.

Namna ya kutofautisha na nyufa za mwashi_wa_chokaa: ufa wa kusagika uko kwenye mhimili, umesimama wima, unaanzia kwenye maungio. Ufa wa kutu unafuata chuma kilipo, mara nyingi kwenye tao na boriti, na una doa.

Matibabu huanza na maji, siyo chuma. Ukibadilisha vibanio vyote halafu ukaacha mfereji wa paa unavuja, umepoteza kazi. Paa la risasi hupasuka kwa joto na baridi hasa shuka likiwa refu kupita kiasi au likibanwa pande zote lisiweze kutanuka. Baada ya hapo, chuma kilicho karibu na uso kinatolewa na kuwekwa kisichoshika kutu. Kilicho ndani sana, kikiwa kikavu, mara nyingine ni heri kukiacha, kwa sababu kukifikia ni kubomoa jiwe zima. Mota ya kurudishia iwe ya chokaa. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lile na inafungia maji ndani, kwa hiyo jiwe ndilo linalooza badala ya kiungo.

Kuba ilipofanyiwa matengenezo kuanzia 2013, jukwaa lilijengwa linalojitegemea, lisiegemee kwenye mawe ya kuba. Picha za 2014 zinazoonyesha shingo ya kuba imezungushiwa sura za watu ni za wakati huo. Ni kazi ya msanii JR juu ya kitambaa cha kufunika kazi.

nuru_ya_juu

Kwa atakayekwenda, nipange mambo ya kutazama kwa njia fupi. Anzia Rue Soufflot, usogee polepole: ukiwa mbali kuba inaonekana nzima, ukikaribia baraza inaimeza. Simama chini ya baraza utazame juu: hesabu vipande vya mawe kati ya nguzo na nguzo, hapo utaona tao bapa alilolieleza kutu_na_jiwe. Zunguka ubavu wa kaskazini au kusini kutafuta makovu ya madirisha, kisha fika Rue Clotilde nyuma, ambako minara ya kengele ingekuwepo. Ndani, nenda moja kwa moja chini ya kuba, linganisha unene wa mihimili minne na wembamba wa nguzo zilizopangwa kwenye mikono ya jengo, ambalo lina umbo la msalaba. Tofauti hiyo ni mkono wa Rondelet juu ya mchoro wa Soufflot.

Halafu shuka kripti. Wapo Voltaire na Rousseau wakitazamana. Yupo Marie Curie, aliyeingizwa 1995, mwanamke wa kwanza kuingia kwa kazi yake mwenyewe. Sophie Berthelot aliyemtangulia mwaka 1907 aliwekwa pamoja na mumewe. Yupo Félix Éboué, mzaliwa wa Cayenne aliyekuwa gavana wa Chad mwaka 1940, Mweusi wa kwanza kuzikwa humo, Mei 1949. Joséphine Baker alipewa nafasi Novemba 2021.

Na Soufflot yumo. Aliletwa 1829, wakati jengo lilipokuwa kanisa.